Mshale wa Ganda

Kibao kimoja, shilingi elfu mbili na mia tano,
rangi juu yao, ngazi juu yangu.
Bi Twaiba wa idara ya barabara
kaniandikia maneno kwa herufi kubwa,
nisije nikajitia ushairi:
MALORI YA SHEHENA HATARI
MARUFUKU KUINGIA MJINI
SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI HADI SAA TATU USIKU.
Na chini yake, mshale.

Moto nauchora kwanza, mweusi juu ya wekundu.
Halafu namba, maana lori halisemi lina nini tumboni,
namba ndiyo isemayo:
1203, petroli.
1017, klorini, ile ya kuyaogesha maji ya Sabaki
kabla hayajafika mferejini kwetu.
Tunainywa chembe kwa chembe, tunaishi.
Ikitoka yote kwa mpigo, haibagui pua.

Mnalikumbuka lile tangi la mwezi wa mfungo?
Lililala ubavu karibu na shule, saa saba mchana,
likajikojolea kama ng'ombe, bila haya, mpaka mtaroni.
Watu wakaja na madumu, na masufuria,
mmoja na beseni la kuogeshea mtoto.
Famau wa mishikaki hakuwa amewasha jiko
kwa kuwa ilikuwa Ramadhani.
Ni hilo tu lililotuokoa.
Dereva kaketi kando, kiatu kimoja mguuni,
ajali haina kinga, ajali haina kinga,
hata Bi Twaiba akamwambia: nyamaza, baba.
Kinga ilikuwepo. Haikuwa imechorwa.

Ndipo wakaitana. Ramani mezani,
chupa ya chai imeikalia pembe isijikunje.
Nilikuwa mlangoni, nangoja vipimo vya vibao,
nikaiona kalamu nyekundu ikiukwepa mji,
ikazunguka soko, ikazunguka hospitali,
ikapinda magharibi, ikanyooka hadi Ganda.
"Huku nafsi elfu sita," akasoma kijana wa takwimu,
"kule mia mbili arubaini."
Hakuna aliyebisha. Nami sikubisha.
Hesabu ni sawa; usiku niliirudia kwa vidole, ni sawa.
Ila katika hao mia mbili arubaini yumo Nyevu, dada yangu,
na tumbo la miezi saba.
Sikuuliza wamemhesabu mara ngapi.

Nyumba yake naijua: ya tatu ukishapita kona,
mlango wa bati la buluu nilioupaka mimi
kwa rangi iliyobaki ya kibao cha zahanati.
Nilipofika kwenye kichwa cha mshale mkono ukasita,
tone likaanguka, ikabidi nikwangue nianze upya.

Kisha nikakata kipande cha bati langu mwenyewe,
hakimo mkatabani, hakina malipo:
POLEPOLE. HUKU NAKO KUNA WATU.
Bi Twaiba alikiona tulipokuwa tukisimika nguzo.
Alikisoma kimya, midomo ikimcheza.
Akaniuliza kama nina misumari ya kutosha.

Siku ya nne nikapita na baiskeli.
Kibao hakionekani.
Moto umefunikwa, namba imefunikwa,
kanga mbichi imening'inia, inadondosha maji kwenye mshale,
na lori la tangi limesimama katikati ya njia panda,
dereva kachungulia dirishani hajui aende wapi.
Nikaitoa, nikaikunja, nikamwonyesha kwa mkono: huku.
Mkono wangu mwenyewe, jamani: huku.
Akapita taratibu, hilo nimshukuru.
Vumbi lake likanitangulia hadi mlango wa buluu.

"Nyevu, usianike pale. Pale ni pa serikali."
Akaipokea kanga, akaikung'uta,
mkono mmoja kiunoni, tumbo limetangulia.
"Nguzo ni ya serikali," akasema.
"Na jua je?"